Bushi na Pini za Motokaa Kuukuu

Katika misheni yetu iko motokaa kuukuu, Land Rover iliyoundwa Uingereza mwaka 1956. Magari ya aina hiyo yalionyeshwa watu mara ya kwanza mjini Amsterdam mwaka 1948. Bodi lake ni la alumini, kwa kuwa baada ya vita chuma cha pua kilikuwa haba nchini humo. Ndiyo motokaa ipelekayo wagonjwa hospitali kwa njia ya mlimani, yenye genge upande mmoja.

Mwaka jana dereva alisema kwamba usukani unamvuta huku na huku, na kila shimo huleta kishindo. Fundi akatia mtaimbo kati ya springi na chesisi, akausukuma kidogo, springi ikacheza. Akaniambia, "Mwalimu, bushi zimekwisha."

Labda mtauliza bushi ni nini. Springi ni mabamba ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine, na ncha zake zimekunjwa kuwa matundu. Ndani ya kila tundu hukaa bushi, yaani mirija miwili ya chuma, mmoja ndani ya mwingine, na katikati mpira ulioshikamana nayo. Pini hupita katika mrija wa ndani na kuifunga springi garini. Gari likipanda na kushuka, mpira hujipinda na kupokea kishindo. Mpira ukioza, chuma husaga chuma, pini huliwa, na ekseli haitulii mahali pake. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Usiku tulitia mafuta katika nati zenye kutu. Asubuhi fundi akazuia magurudumu kwa mawe, akainua gari kwa jeki, akaitegemeza chesisi juu ya vigogo imara. Maana mtu asiingie kamwe chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Springi ilipotolewa, aliupasua mrija wa nje kwa msumeno mwembamba, taratibu, asije akaikata springi yenyewe. Kisha akasafisha tundu, akaisukuma bushi mpya ndani kwa jiliwa, akatia na pini mpya.

Vijana waliomsaidia walitaka kukaza nati papo hapo. Fundi akawazuia, akisema, "Bado, wanangu. Kwanza gari lisimame kwa miguu yake." Akalishusha, uzito wote ukakaa juu ya springi, ndipo akakaza. Sababu ni hii: nati ikikazwa gari likiwa limeinuliwa, mrija wa ndani hubanwa mahali pasipo pake, na gari likishushwa mpira husokotwa tangu siku ya kwanza, hata ukapasuka upesi.

Motokaa ilipopita mbele ya shule, hakuna mtoto aliyeona jambo jipya. Lakini jioni ile ilimchukua mama mwenye uchungu wa kuzaa, nao usukani ukautii mkono wa dereva katika kila kona. Basi, wanafunzi, fanyeni vema hata kazi isiyoonekana na mtu. Na mkitaka kumaliza kwa haraka, ikumbukeni nati iliyongojea uzito.