Kiazi cha Kasigau

Katika kabati la mama yetu, Mombasa, kilikuwamo kijaluba cha bati kilichokaa miaka mingi bila kitu ndani ila pamba. Tulipokuwa watoto tulikuwa tukikifungua kwa siri na kuitazama pamba ile iliyobonyea katikati. Mama alituambia kwamba hapo ndipo lilipokuwa likilala jiwe la baba. Jiwe lenyewe liliuzwa mwaka ambao mama alilazwa hospitali, na sisi wawili tulikuwa wadogo mno kukumbuka zaidi ya rangi yake: kijani cha jani la mgomba linapopenywa na jua.

Marehemu baba yetu, Mola amrehemu, alikuwa na duka la rejareja Voi. Wachimbaji kutoka upande wa Kasigau walimjia kukopa unga, sukari na mafuta ya taa, na wengine, walipokosa fedha, waliacha mawe yao rehani. Baba hakuwa sonara, na mawe aliyaweka pamoja na mizani iliyovunjika. Yale ya kijani yalikuja yamejificha ndani ya madonge meusi ya mviringo ambayo huitwa viazi, na hakika ukiyaona hutayapa jina jingine. Ndani ya kiazi mna ganeti ya kijani, iitwayo tsavoriti kwa jina la Tsavo yetu. Mwanajiolojia Campbell Bridges aliikuta kwanza Tanzania mwaka 1967, akaipata upande wa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1970, na mwaka 1974 kampuni ya Tiffany ya New York ikaanza kuitangaza kwa wanunuzi wa vito wa Marekani.

Habari hizo hazikufika dukani kwa baba. Kilichofika ni gari la mgeni mmoja, mpole wa maneno, aliyenunua viazi vinne kwa bei ya baiskeli, akashukuru, akaenda zake. Miaka miwili ikapita kabla baba hajajua mgeni yule alinunua nini. Kisa hicho hakukisimulia kwa hasira. Alikisimulia kwa kicheko kifupi, na mwishowe husema, "Alijua, nami sikujua, naye akanyamaza." Kiazi cha tano, kilichosalimika kwa kuwa kilianguka nyuma ya gunia la chumvi, nusu yake ndiyo iliyoingia katika kijaluba.

Sasa, mwaka uliopita tulisafiri kwenda Phoenix, Arizona, kwa dada yetu mkubwa, kuhudhuria harusi ya binti yake. Harusi ilikuwa Januari, na tikiti zetu za kurudi zilikuwa za mwishoni mwa Februari. Waliopanga tarehe hizo walidhani ni bahati tu. Sisi tulijua kwamba mwanzo wa Februari, mwendo wa saa mbili kwa gari kutoka Phoenix, wakusanyaji wa madini wa dunia nzima hukutana Tucson. Mama pia alijua. Kabla hatujaondoka alitutilia mkononi fedha alizozichuma kwa mahamri na mbaazi, tukazichanganya na zetu, zikawa dola 400. Hakusema tumletee nini. Alifungua kabati tu, akalifunga.

Maonyesho ya Tucson yalianzishwa mwaka 1955 na chama cha wapenda madini cha mji huo, ndani ya skuli ya msingi. Leo yale makuu hufanyika katika jumba la mikutano la mji, lakini yamezungukwa na mengine kwa makumi, mahemani, maghalani na katika nyumba za wageni za kando ya barabara kuu. Mfanyabiashara hukodi chumba, hutoa kitanda nje, hupanga meza, huacha mlango wazi. Nawe unapita ukumbini mlango baada ya mlango kama apitaye mitaani siku ya Idi. Tuliona wulfenaiti nyekundu ya mgodi wa Red Cloud wa hukohuko Arizona, vipande vyembamba kama vigae vya kioo. Tuliona malakaiti ya Kongo iliyong'arishwa hadi ikafanana na hariri ya michirizi. Tuliona sampuli zisizozidi ukucha wa dole gumba zikiuzwa kwa fedha za kununulia gari, na mawe ya ukubwa wa mlango ambayo hatukujua mtu atayapeleka wapi.

Mahali pengine tulicheka. Katika meza moja kulikuwa na fuwele za samawati iliyokolea, zimeandikwa kwamba zimetoka mgodini, na wanunuzi wamezizunguka. Dada akazitazama, akatutazama. Mwana wa Pwani gani hajui mrututu? Bibi zetu walikuwa nao kwa ajili ya vidonda. Mrututu wa asili hupatikana migodini, ni kweli, lakini ukiyeyusha wa dukani katika maji ya moto, ukatumbukiza uzi na kusubiri, utaota fuwele kubwa nzuri jikoni kwako. Tukapita.

Kinyume chake, mfanyabiashara mmoja wa Morocco, aliyetusalimia kwa salamu yetu mara alipoyaona mabuibui, alituzuia mkono tulipokuwa tukisifu jiwe lake la zambarau. "Hilo limetiwa rangi," akasema. "Ya asili ni yale ya nyuma, hayang'ari hivyo." Baadaye alitupangulia masanduku nyuma ya hema lake tukaswali adhuhuri hapo.

Tsavoriti tuliiona siku ya kwanza, tukadhani kazi imekwisha. Ilikuwa fuwele moja safi, yenye pande zilizonyooka, imesimama juu ya jiwe jeusi, bei dola 350, na kibandiko chake kiliandikwa "Kenya". Mikono ilitutetemeka. Lakini miezi tuliyosubiri safari tulikuwa tumesoma, na kila tulilosoma lilituambia kwamba fuwele nzuri za namna hiyo, zilizosimama zenyewe, kwa kawaida hutoka Merelani, Tanzania, jirani na tanzanaiti. Zetu za Taita hukaa ndani ya viazi na aghalabu huwa zimevunjikavunjika. Tukamwuliza muuzaji kwa adabu: hii ni ya Kenya hasa, au ni ya Merelani? Akacheka. "Mnataka iwe ya wapi? Nitawaandikia."

Kwa mkusanyaji, jiwe lisilojulikana lilikotoka ni kama mtu asiyejua nasaba yake. Ndiyo maana watu hawa hutunza vibandiko vya kale, hata vilivyoliwa na mende, na hujua mwandiko wa wakusanyaji waliokufa zamani. Jiwe lile lilikuwa zuri kuliko tutakalolimudu tena maishani. Dada alisema Merelani na Kasigau si mbali. Tuliondoka tukiwa tumenuna, na usiku ule, tukiwa watatu katika chumba kimoja, hakuna aliyetaka kuzima taa.

Siku ya pili, kwenye saa kumi, tulikuwa tumechoka kiasi cha kuingia milango kwa mazoea tu. Katika chumba kimoja cha mwisho wa ukumbi alikuwako mzee mmoja Mmarekani, ameketi kwenye kiti cha kukunja, anakula karanga. Mali yake nzuri ilikuwa mezani. Ile hafifu alikuwa ameijaza msalani, na masanduku mengine ameyapanga ndani ya bafu lenyewe. Alikuwa amenunua, alivyotuambia, mkusanyiko wa mtu aliyefariki, na alitaka kumaliza masalio yake kabla ya kurudi kwao. Kila kitu kilichomo bafuni kilikuwa dola 20.

Sisi ndio tuliopiga magoti. Tulipangua kwarzi, tukapangua chokaa, kisha tukatoa donge jeusi lililopasuka upande mmoja. Kibandiko cha mzee kilisema "Epidoti, Afrika". Epidoti ni jiwe la kijani la kawaida, halina thamani kubwa. Lakini vidole vyetu vilikuwa vimekuwa vyeusi, weusi ule wa penseli, maana viazi vya kwetu hulala katika miamba yenye madini yaleyale ya penseli. Tukaliwasha tochi na kulitazama kwa lenzi. Epidoti ukiigeuza hubadilika, kijani kikaelekea hudhurungi. Hili tulilizungusha na kulizungusha, likabaki kijani kilekile. Chini ya sanduku palikuwa na kikaratasi kilichokunjwa mara nne. Mwandiko wa kalamu ya wino, neno moja na mwaka: Kasigau, 1979.

Tusiseme uongo. Jambo la kwanza tulilofanya ni kutoa noti ya dola 20. Huku ndiko kuwinda kwenyewe, na kila mkusanyaji wa Tucson ana kisa cha jiwe la thamani aliloliokota kwa bei ya chai kwa sababu mwenye kuliuza hakulijua. Visa hivyo husimuliwa kwa fahari, na kwa siku mbili nasi tulivisikiliza kwa wivu. Noti ilikuwa mkononi, na mzee alikuwa akitafuta mfuko wa karatasi.

Hatujui ni nani kati yetu wawili aliyetazama vidole vyake kwanza. Tulimwomba mzee dakika chache, tukatoka ukumbini.

"Mna wazimu?" Dada akauliza. Hoja yake ilikuwa na nguvu, na tunaiandika kwa uadilifu. Muuzaji ndiye wa kueleza aibu ya bidhaa yake. Mnunuzi hakuwekewa kueleza uzuri wake. Mzee huyu si mwenye duka wa Voi aliyekopesha unga. Ni mtu wa biashara hii, ana lenzi shingoni, na kikaratasi kilikuwa kwake. Mwenye macho haambiwi tazama. Na fedha zile ni jasho la mama. Hatukuwa na mwanachuoni karibu wa kumwuliza. Tulichokuwa nacho ni baba, ambaye mchele wenye mawe aliuweka mbele ya mlango ili mteja auone kabla ya kuuona ule mzuri, na kicheko chake kile kifupi. Tulimwambia Dada kwamba jiwe hili likipatikana kwa njia ya mgeni yule, hatutaweza kulitia katika kijaluba. Dada akasema kwamba kijaluba hakina masikio.

Tukarudi ndani, tukamwambia mzee.

Alilitwaa jiwe, akalipeleka dirishani, akatia lenzi jichoni, akakaa kimya mpaka tukaanza kusikia watu wa chumba cha pili. "Limekaa bafuni wiki nzima," akasema hatimaye. Kisha, bila kututazama, akataja bei mpya: dola 220. Huenda msomaji alitazamia atupe bure. Nasi, tukiri, kwa nukta moja tulitazamia. Ni mfanyabiashara. Tulibishana naye kwa heshima, akashuka hadi 200, hapo akagoma. Tulihesabu noti moja moja, na Dada alikuwa amegeuka anatazama ukuta.

Hata hivyo alifanya jambo ambalo hatukumwomba. Alichana kibandiko cha epidoti, akachukua kipya, akatuuliza Kasigau iko wapi hasa na mawe haya hupatikanaje. Tulimweleza: kilima, kijiji, njia ya kutoka Voi, viazi, vidole vyeusi. Aliandika polepole kwa herufi za mzee. Kikaratasi cha 1979 alikikunjua, akakitia pamoja na chake katika mfuko wa plastiki, akatuambia tusivitenganishe kamwe.

Njiani kurudi Phoenix Dada hakusema neno mpaka tulipokaribia kuona taa za mji. Ndipo akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama tunajua dola 180 ni mahamri mangapi. Hatukujibu. Hadi leo kila akipiga simu siku ya Idi hutuuliza hesabu ile, na hatuwezi kusema kwamba amekosea kuuliza.

Mama alilipokea jiwe akiwa ameketi kwenye busati, akichagua mchele. Hakuuliza bei. Alilibingirisha kiganjani, akaupitisha upande uliopasuka kwenye mwanga wa mlango, kisha akautazama weusi uliobaki kidoleni, akaupaka kwenye pindo la leso yake. Kijaluba kikaletwa. Kiazi hiki ni kikubwa kuliko nusu ile ya baba, kwa hiyo kifuniko hakikukubali kufunga. Mama alijaribu mara mbili, akatoa pamba yote, akajaribu tena, mwisho akakifunga kwa uzi wa kushonea.