Tumaini Chini ya Kifusi

Sisi tunaotafuta riziki Kariakoo tumezoea kusubiri. Tunafungua duka mapema, tunasubiri mteja. Kodi ya fremu ndiyo haitusubiri. Lakini asubuhi ya Jumamosi, tarehe 16 Novemba 2024, lilipoporomoka jengo la ghorofa watu wakiwa ndani, tulijifunza kusubiri kwa namna nyingine.

Wapo waliofukiwa wakiwa hai, wakaweza kuzungumza na waokoaji. Kazi ilichukua siku kadhaa, na kabla ya kufikiwa walipitishiwa hewa na maji. Hebu tufikiri: mtu aliye gizani hawezi kujitoa, ila amesikia sauti ya nje na anajua anatafutwa. Ndivyo tunavyomngoja Kristo. Wala si kukunja mikono, kwa maana aliyefukiwa naye huitika anapoitwa.

Makumi ya watu walitolewa wakiwa hai. Zaidi ya 20 walifariki. Hapo mfano wetu unaishia, na ni vema uishie. Kama tumaini letu lingekuwa la kutolewa kwenye kifusi tu, tungewaambia nini wafiwa? Paulo hakuwakataza Wathesalonike kulia. Hakutaka wahuzunike kama wasio na tumaini (1 Wathesalonike 4:13). Kaburi nalo ni kifusi, na Bwana aliingia humo akatoka.

Basi tulilia. Tulikaa misibani, tukachanga rambirambi, tukarudi dukani. Na hadi leo, katika sala ya jioni, tunawataja marehemu kama watu tutakaoonana nao.