Triga, mkondo na kilo kumi na mbili za mama mmoja

Haya wasomaji, nimekuwa kimya karibu mwezi mzima. Si uvivu. Nilikuwa nikisafisha mambo niliyoyaharibu mwenyewe, na leo nayasimulia kwa sababu kuna somo ndani yake kwa yeyote anayeandika programu zinazoshika pesa au jasho la watu.

Nikiwa chuoni nasomea sayansi ya kompyuta, tuliulizwa kwenye mtihani tulinganishe hifadhidata tendaji na mifumo ya kuchakata mikondo ya data. Nilijibu vizuri, nikapata alama zangu, nikasahau. Nilikuwa nimekariri tu. Tofauti yenyewe nilikuja kuielewa miaka mingi baadaye, siku mama mmoja aliponiuliza maziwa yake yamekunywewa na nani.

Kwa wale wasio wa fani hii, nieleze kidogo. Hifadhidata ya kawaida ni kama karani wa duka mwenye daftari. Ukimuuliza, anafungua daftari na kukujibu. Usipomuuliza, amekaa tu. Hifadhidata tendaji ni karani yule yule, ila umemwachia maagizo: kila mtu akikopa unga, tazama kama deni lake limepita shilingi elfu mbili, na likipita mwite mwenye duka. Hapo kuna mambo matatu: tukio (mtu amekopa), sharti (deni limepita kiasi) na tendo (mwite mwenye duka). Maagizo ya namna hiyo ndani ya hifadhidata ndiyo tunayoyaita triga.

Mfumo wa mkondo ni kitu kingine. Fikiria mtu amesimama kando ya barabara akihesabu matatu zinazopita. Hawezi kuisimamisha barabara ahesabu vizuri. Hana daftari la matatu zote zilizowahi kupita. Ana swali moja tu, kwa mfano, ni ngapi zimepita katika dakika kumi hizi, na jibu lake linabadilika kila mara. Kwenye hifadhidata data imetulia na maswali yanakuja na kuondoka. Kwenye mkondo swali limetulia, na data ndiyo inayopita.

Cha kuchekesha ni kwamba mambo haya mawili yana wazazi wale wale. Mwishoni mwa miaka ya 1980, mradi ulioitwa HiPAC huko Marekani ulitoa mtindo wa tukio, sharti na tendo. Michael Stonebraker na wenzake pale Berkeley waliweka kanuni ndani ya POSTGRES, babu wa PostgreSQL tunayoitumia leo. Jennifer Widom alifanya kazi ya aina hiyo kwenye mfumo wa Starburst wa IBM, na mwaka 1996 yeye na Stefano Ceri wakatoa kitabu kizima kuhusu hifadhidata tendaji. Mwaka 1999 triga zikaingia kwenye kiwango rasmi cha SQL. Kisha miaka ya 2000 inaanza, na unamkuta Stonebraker kwenye mradi wa mikondo wa Aurora uliofanywa na vyuo vya MIT, Brown na Brandeis, naye Widom yuko Stanford na mradi wake ulioitwa STREAM. Makala ya Aurora ya mwaka 2002 ililalamika wazi kwamba triga za wakati ule zilikuwa zikilemewa zikizidi chache kwa kila jedwali. Mimi nilisoma haya yote kama historia. Sikudhani yananihusu.

Sasa twende kwenye kazi yangu.

Chama kimoja cha ushirika cha wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, ambacho sitakitaja, kilinipa kazi ya kuandika mfumo wa kupokea maziwa. Mfugaji analeta maziwa asubuhi, karani anapima kwenye mzani, anaingiza kilo kwenye simu, na mfugaji anapata ujumbe mfupi: umepokelewa kilo kadhaa, asante. Mwisho wa mwezi analipwa. Wazo la SMS lilikuwa langu na nilijivunia sana. Wakulima walikuwa wamechoka kuandikiwa pungufu, kwa hiyo ujumbe ungekuwa risiti yao.

Nikaandika triga. Kila mstari mpya ukiingia kwenye jedwali la mapokezi, triga inaongeza jumla ya mwezi ya mfugaji, halafu inatuma SMS hapo hapo. PostgreSQL hukuruhusu kuandika triga kwa lugha ya Python, na hiyo Python inaweza kuzungumza na mtandao wa nje. Niliona nimemaliza kazi kwa mistari michache sana.

Shida ilikuwa hapa. Karani hakuwa akituma mfugaji mmoja mmoja, maana mtandao kule ni wa kubahatisha. Alikuwa akituma arobaini kwa pamoja, na mimi nilikuwa nimewaweka wote ndani ya muamala mmoja: waingie wote au asiingie hata mmoja. Siku moja mfugaji wa 31 aliandikwa kwa namba ya uanachama isiyokuwepo. Hifadhidata ikakataa, na ikafuta muamala mzima kama inavyopaswa. Lakini wafugaji 30 wa kwanza tayari walikuwa wamepata SMS. Hifadhidata inaweza kufuta mstari. Haiwezi kuurudisha ujumbe uliokwisha kufika kwenye simu ya mtu.

Karani akarekebisha namba, akatuma tena. Wale 30 wakapata SMS ya pili.

Hili lilijirudia mara kadhaa mwezi ule bila mimi kujua. Mwisho wa mwezi nilikuwa nimeenda ofisini kwao kwa shughuli nyingine, mama mmoja akaingia na simu mkono mmoja na daftari la mtoto wa shule mkono mwingine.

"Wewe ndiye kijana wa kompyuta?"

"Ndiyo, mama. Karibu."

"Basi nisomee hapa. Tarehe tisa. Kilo kumi na mbili. Na hapa chini?"

"Kilo kumi na mbili."

"Ng'ombe wangu ni wawili, na mimi huleta mara moja kwa siku. Nikadhani labda kompyuta imegawanya. Nimejumlisha jumbe zote, nimekuja na hesabu. Mmenilipa pungufu. Sasa hizi kumi na mbili nyingine amekunywa nani?"

Hakuwa akinitazama mimi. Alikuwa akimtazama karani.

Hapo ndipo nilipogundua uzito wa jambo hili. Kule kijijini watu walikuwa wameshaanza kumwita yule karani mwizi. Walikuwa na ushahidi kwenye simu zao, ushahidi nilioutengeneza mimi. Jamaa wa watu alikuwa hajaiba hata kikombe.

Nilirudi nyumbani nikafungua maelezo yangu ya chuo, na jibu lilikuwa pale pale. Watu wa HiPAC walikuwa wameuliza swali hili zamani: tendo la kanuni litokee lini ukilinganisha na muamala ulioliamsha? Wakataja njia tatu. Litokee mara moja, au lisubiri hadi mwisho wa muamala, au litengwe kabisa lifanyike kwenye muamala wake mwenyewe. Mimi nilikuwa nimechagua mara moja bila kujua kuwa nimechagua. Kuongeza jumla ni tendo la ndani, linaweza kufutwa pamoja na muamala, na mahali pake ni ndani. SMS ni tendo la nje. Halifutiki. Lilipaswa kutengwa na kusubiri muamala ukubalike kwanza.

Marekebisho hayakuwa makubwa. Sasa triga haitumi kitu. Inaandika tu mstari kwenye jedwali la jumbe zinazosubiri, ndani ya muamala ule ule. Muamala ukifutwa, ujumbe nao unafutwa kabla haujaenda popote. Programu nyingine pembeni inasoma jedwali lile na kutuma, na kila ujumbe una namba ya risiti, ili ukitokea kwenda mara mbili mtu aone ni risiti ile ile.

Kuna jambo la pili, na hili ndilo lililonipeleka kwenye mikondo. Chama kina matangi 9 ya kupozea maziwa. Yanapaswa kukaa karibu na nyuzi 4 za Selsiasi. Niliweka vipimajoto vya kielektroniki vinavyotuma kipimo kila sekunde 5, yaani vipimo 155,520 kwa siku kwa matangi yote. Nikaandika triga: kipimo kikizidi nyuzi 6 kwa dakika 20 mfululizo, mpigie mlinzi. Usiku mmoja umeme ukapotea kwenye kituo kimoja. Tangi likaacha kupoza. Kipimajoto na modemu vilikuwa kwenye umeme ule ule, navyo vikazima. Hakuna kipimo kilichoingia. Kwa kuwa hakuna kilichoingia, hakuna triga iliyoamka. Asubuhi maziwa yalikuwa yameganda.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Triga haijui methali hiyo. Triga huamshwa na kitu kilichotokea, na haiwezi kuamshwa na kitu ambacho hakikutokea. Watafiti wa zamani waliwazia kanuni zinazoamshwa na saa pia, lakini triga za SQL tulizonazo mikononi hazina. Mfumo wa mkondo, nami nilitumia Flink, una saa ndani yake. Unaweza kuuambia: kama tangi hili halijasema chochote kwa dakika 2, hiyo yenyewe ni habari, piga simu. Na yale mambo ya dakika 20 mfululizo unayaandika kama dirisha la muda, badala ya kulifanya jedwali lisome upya mistari 240 kila sekunde 5. Nikiri pia kwamba kwa matangi 9, kazi ndogo ya cron inayokagua jedwali kila dakika ingetosha. Data yangu haikuwa nyingi. Aina ya swali ndiyo iliyokuwa tofauti.

Basi nikapata wazimu wa kawaida wa waprogramu. Nilichokipenda kwa matangi nikataka kukipeleka kila mahali. Nikahamishia kwenye mkondo hata ripoti ya kilo za kila siku.

Wiki ya pili, gari linalokusanya maziwa lilipita bonde lisilo na mtandao, na rekodi za wafugaji 17 zikafika usiku badala ya mchana. Mfumo wa mkondo hauwezi kusubiri milele. Unaweka alama ya wakati inayosema, tunaamini vya kabla ya hapa vimeshafika vyote, halafu dirisha linafungwa. Mimi nilikuwa nimeruhusu kuchelewa saa mbili tu. Rekodi zile zilikuta mlango umefungwa na zikatupwa kimya kimya. Ripoti ikatoka safi kabisa, na wafugaji 17 hawamo. Kilichoniokoa ni kwamba sikuwa nimegusa jedwali la mapokezi. Mistari yao ilikuwa pale, na malipo yanatoka pale. Ningekuwa nimelipa kwa kufuata mkondo, leo ningekuwa naandika habari nyingine.

Kwa hiyo nikipewa ule mtihani tena, jibu langu lingekuwa fupi. Kanuni ile ile ikikaa mahali tofauti hudanganya watu kwa namna tofauti. Triga hudanganya kwa haraka yake, ikitangaza jambo ambalo bado halijathibitishwa, na hudanganya kwa kunyamaza pale ambapo hakuna kilichoingia. Mkondo hudanganya kwa kufunga hesabu kabla wote hawajafika. Kwa hiyo najiuliza hivi: kama jambo likikosewa kuna mtu anapoteza haki yake, kama kilo, deni au malipo, linakaa kwenye hifadhidata, ndani ya muamala. Kama ni jambo la kutazamwa wakati linapita, kama joto la tangi, msongamano au ukimya, linakwenda kwenye mkondo. Na chochote kinachotoka nje kwenda kwa mtu kinasubiri ukweli uwe umeandikwa kwanza.

Kwenye mkutano wa wanachama niliomba dakika tano. Nikaeleza kwa Kiswahili cha kawaida kwamba kosa lilikuwa la programu, programu ni yangu, na karani hakuiba. Wengine walielewa, wengine walinitazama tu. Nadhani kwa baadhi yao jina lile litabaki naye kwa muda, na hilo sina triga ya kulirekebisha.

Yule mama alikuja mwishoni akaniuliza kama sasa anaweza kuacha kuandika kwenye daftari lake. Nilimwambia asiache.

Nanyi wenzangu, mmeziweka wapi kanuni zenu? Kama kuna mwenye triga inayotuma SMS, aifungue leo kabla ya chai ya saa nne. Tuonane tena, na safari hii sitakawia.