Daftari la Karani wa Stesheni

Mwaka 1974 wilaya ya Mpanda iliwekwa chini ya mkoa mpya wa Rukwa, na habari za dunia zilitufikia Kashaulili kwa njia mbili. Redio Tanzania Dar es Salaam ilituletea jina la mshindi wa mbio. Gazeti la Uhuru, lililokuja na treni kupitia Tabora na Kaliua, lilituletea muda aliokimbia, siku kadhaa baadaye. Siku hizo za katikati zilikuwa za ubishi mtupu.

Mwamuzi wetu alikuwa mzee mmoja, karani wa stesheni. Alifika Mpanda pamoja na reli, ilipojengwa kutoka Kaliua kwa ajili ya mgodi wa risasi wa Mukwamba. Mgodi ulipofungwa wengi waliondoka, yeye akabaki. Kazi yake ya miaka yote ilikuwa kuandika treni imeingia saa ngapi na imechelewa dakika ngapi. Nadhani ndiyo maana hakuvumilia mtu aseme fulani ndiye mkali bila kutaja alikimbia muda gani na nani alikuwa nyuma yake. Alikuwa na daftari kubwa la jalada gumu alilochora mistari kwa rula, na kwa kuwa mwandiko wangu wa shule ulisomeka, akanipa kazi ya kunakili matokeo kutoka magazetini. Kwa hiyo ninachosimulia nilikiandika kwa mkono wangu.

Kanuni ya kuwapanga wakimbiaji wetu aliitunga mwenyewe. Kushinda Olimpiki alama kumi, Michezo ya Jumuiya ya Madola sita, Michezo ya Afrika tano. Baadaye, marathoni zilipoanza kutupatia majina, akaongeza mbio kubwa za miji kama Boston, New York, Tokyo na Fukuoka, alama nne kwa mshindi. Wa pili alipata nusu. Rekodi haikuwa na alama hata moja, kwa sababu, alisema, mtu anaweza kuvunja rekodi akiwa peke yake uwanjani.

Fundi cherehani mmoja wa sokoni hakuikubali kanuni hiyo tangu siku ya kwanza, na hoja yake ilikuwa Christchurch.

Tarehe 2 Februari 1974, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola kule New Zealand, Filbert Bayi wa Karatu alitoka mbele tangu mlio wa bastola na hakumngoja mtu. Mita 1500 alizimaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Rekodi ya dunia ya Jim Ryun wa Marekani, 3:33.1, ilikuwa imesimama tangu 1967. John Walker, kijana wa New Zealand yenyewe, alimfukuza hadi utepeni, akapata 3:32.5, yaani naye aliipita rekodi ya zamani na bado akawa wa pili. Wa tatu alikuwa Ben Jipcho wa Kenya, aliyekuwa akishikilia rekodi ya dunia ya mita 3000 kuruka viunzi na maji. Mwaka uliotangulia, kwenye Michezo ya Afrika ya Lagos, Bayi alikuwa ameshamshinda Kipchoge Keino, bingwa wa Olimpiki ya Mexico.

Daftari liliipa Christchurch alama sita. Mwaka 1978 Gidamis Shahanga alishinda marathoni ya Jumuiya ya Madola kule Edmonton, naye akapata sita. Fundi akasimama na futi yake shingoni. "Mzee, kwa heshima yako, hizi sita na zile sita zinalingana wapi?" Shahanga alikuwa kijana ambaye dunia haikumjua, ushindi wake ulitufurahisha mno, na sikusikia mtu akiudharau. Lakini fundi alikuwa na haki ya kuuliza. Mzee alikaa kimya muda mrefu, kisha akaniamuru nichore safu mpya pembeni mwa alama: jina la aliyeshindwa. Naiona safu ile kuwa jambo la busara kuliko yote yaliyomo humo, kwa sababu medali ni ile ile lakini waliopangwa mstarini si wale wale.

Ukurasa uliotusumbua zaidi ulikuwa wa Montreal, 1976. Bayi alikuwa ameongeza rekodi ya maili, dakika 3 na sekunde 51.0, Kingston, Jamaika, Mei 1975. Miezi mitatu baadaye Walker akaishusha hadi 3:49.4. Dunia nzima ilitaka kuwaona wawili hao kwenye Olimpiki. Halafu timu ya raga ya New Zealand ikaenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu, New Zealand ikaruhusiwa Montreal hata hivyo, na zaidi ya nchi ishirini, nyingi za Afrika, Tanzania ikiwamo, zikasusia. Walker alishinda dhahabu kwa 3:39.17, zaidi ya sekunde sita nyuma ya muda wake mwenyewe wa Christchurch. Mzee hakukubali kumpa Bayi alama za kufikirika. Akaniambia niandike: "Hatukwenda." Hapakuwa na aliyenung'unika. Kususia kulikuwa kwa haki, na gharama yake Bayi aliibeba kwa niaba yetu sote.

Mwaka 1980, Moscow, ndipo mwalimu kijana aliyehamishiwa kwetu kutoka Dodoma alipotubana. Suleiman Nyambui alipata fedha mita 5000, nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia kwa sekunde 0.69 tu. Bayi naye akapata fedha kwenye viunzi na maji. Aliongoza kwa mbali, na Bronisław Malinowski wa Poland akamkamata mzunguko wa mwisho. Mpaka leo Tanzania haina medali nyingine ya Olimpiki zaidi ya hizo mbili. Tulishangilia mpaka betri za redio zikaisha. Lakini mwalimu akasema, "Wazee wangu, mnalia kwamba Montreal tuliikosa. Mbona hamsemi kwamba Moscow Wakenya hawakuwapo?" Ilikuwa kweli. Kenya ilisusia pamoja na Marekani, na Henry Rono, mwenye rekodi ya dunia ya viunzi na maji, hakukimbia. Mzee alimpa mkono mwalimu. Safu ya pembeni ikaandikwa: Rono hakuwapo.

Mwalimu alikuwa na mtu wake, Juma Ikangaa, wa mkoa wao. Kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Brisbane 1982 aliongoza marathoni kwa muda mrefu, Robert de Castella wa Australia akamfikia, wakapokezana uongozi, Ikangaa akawa wa pili kwa 2:09:30. Boston alikuwa wa pili mwaka 1988, nyuma ya Ibrahim Hussein kwa sekunde moja, akawa wa pili tena 1989 na 1990. Katikati yake, Novemba 1989, alishinda New York kwa 2:08:01, muda bora kuliko wote uliokuwa umekimbiwa kwenye njia ile hadi siku hiyo. Ukijumlisha Tokyo alikoshinda 1984 na 1986, na Fukuoka 1986, utaona kilichotokea: Ikangaa alimpita Bayi kwa alama. Fundi hakusema na mwalimu kwa muda.

Kuhusu John Stephen Akhwari, aliyeanguka na kuumia Mexico 1968 na kumaliza marathoni akiwa wa 57, wa mwisho, daftari halikuwa na alama ya kumpa. Mzee alikataa kuitunga. Alisema orodha ni ya matokeo, na Akhwari anastahili heshima isiyohitaji orodha.

Mzee alifariki zamani, daftari likaondoka na familia yake. Mpanda sasa iko katika mkoa wa Katavi, ulioanzishwa 2012, na vijana wa Kashaulili huniuliza swali lile lile, nani mkimbiaji mkali kuliko wote, wakiwa na simu mkononi, hasa tangu Septemba 2025, Alphonce Simbu alipotwaa dhahabu ya marathoni ya dunia jijini Tokyo. Yeye na Amanal Petros wa Ujerumani waliandikiwa muda mmoja, 2:09:48, na picha ndiyo iliyowatenganisha. Ni dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika ubingwa wa dunia wa riadha, na waliokuwa nyuma yake walikuwa kundi kamili, bila nchi iliyosusia.

Hukumu yangu naitoa kwa safu ya pembeni kwanza, alama baadaye. Wa kwanza ni Bayi, kwa Lagos na Christchurch. Wa pili Simbu. Wa tatu Ikangaa, wa nne Nyambui, wa tano Shahanga. Anayetaka kuibadilisha orodha hii anikute nyumbani, lakini aje na muda waliokimbia na majina ya walioshindwa.