Kabla Hamjapanda Mikaratusi

Wundanyi

Mwanangu Mghoi,

Baba yako ameniambia mnataka kupanda mikaratusi kwenye shamba la juu, karibu na msitu wa Ngangao, mpate nguzo za kuuza. Nisikilize kwanza kabla hamjanunua miche.

Wewe uko Voi, mita kama 600 tu juu ya bahari, unalijua joto. Upepo wa kusi hupita hapo na unyevu wa Bahari Hindi, mara nyingi bila kuangusha hata tone. Ukifika kwetu Wundanyi hugonga mlima, hupanda, hupoa, unyevu ukawa wingu. Msitu wa Ngangao, kwenye mita 1,700 na zaidi, umesimama ndani ya wingu hilo. Majani, na vimea vilivyoota juu ya matawi, hunasa ukungu, maji yakadondoka hata siku isiyo na mvua. Asubuhi ya Julai utalowa chini ya miti, na shamba la jirani ni kavu. Sehemu ya maji ya chemchemi zetu hutoka humo.

Sasa, hewa ikizidi joto kwa nyuzi 1 pasipo kuongezewa unyevu, kitako cha wingu hupanda mita 125 hivi. Na mbali na bahari, unyevu huo huongezwa na nani kama si mimea? Nyika ikikatwa kwa mkaa, udongo mtupu huchomeka, na hewa hupanda ikiwa na joto na ukavu. Kwa hiyo mimi naona gunia la mkaa la huko chini na ukungu wa huku ni habari moja. Msitu hauwezi kulifuata wingu: Vuria, kilele chetu kirefu kuliko vyote, kinazidi kidogo tu mita 2,200. Kuna ndege wa milima hii wasiopatikana popote pengine duniani. Watahamia wapi?

Sikatai, mkaratusi hukua upesi na hulipa karo. Lakini hunywa maji mengi, na msitu wa mikaratusi hauna kwa wingi ile mimea ya matawini inayonasa ukungu. Basi nguzo zipandwe kule chini, mbali na kijito, tena chache. Huku juu turudishe miti ya asili, tukianzia penye chemchemi. Mashimo yachimbwe kabla ya vuli. Miche nitaitafuta mimi. Mwambie baba yako anijulishe anataka mingapi.

Ni mimi, baba yako mdogo