Pembe za Mombasa na grafu ya mtoto wako

Ukipita Moi Avenue jijini Mombasa huwezi kuzikosa: pembe nne kubwa za ndovu zilizoundwa kwa alumini, jozi moja juu ya kila upande wa barabara. Ziliwekwa miaka ya 1950, enzi za ukoloni, kwa ajili ya ugeni wa familia ya kifalme ya Uingereza. Ukizitazama kwa mbali, zinafanya herufi M. Wageni hupiga picha, tuktuk hupita chini yake, kila mtu akaendelea na safari.

Mzazi mwenye mtoto wa sekondari ana sababu ya kukaa hapo zaidi. Watoto wengi hukata tamaa na hesabu pale aljebra inapofika kwenye grafu. Wanachora mkunjo kwa kuwa mwalimu ameagiza, bila kuona unafanana na kitu gani. Hapa mkunjo umesimama barabarani.

Nendeni asubuhi, kabla jua halijawa kali. Pigeni picha mkiwa kando ya barabara, kisha ingieni Bustani ya Uhuru iliyo jirani, mkae kivulini na karatasi ya grafu, penseli na rula.

Mwambie mtoto achore y = 8 − 0.5x². Kilele kinafika 8, na miguu inagusa ardhi kwenye −4 na 4. Hiyo ni jozi ya kwanza. Sasa, mahali pa x aweke (x − 8). Upinde uleule unahama hatua 8 kwenda kulia, umbo halibadiliki. Akiacha kuchora mistari inapogusa ardhi, M ya Mombasa iko kwenye karatasi. Akiweka 2 badala ya 0.5, upinde unakuwa mwembamba. Akiweka 6 badala ya 8 ya mwanzo, unashuka.

Atagundua pia kwamba grafu hailingani kabisa na picha. Pembe zenyewe zinapishana juu, ilhali mkunjo wake una mgongo wa mviringo. Usimpe jibu haraka. Pengine ataamua kuchora kila pembe kwa mlinganyo wake, na kuukata pale ncha inapoishia. Hapo anafanya hesabu kwa hiari yake.

Nyumbani anaweza kuendelea kwa Desmos, programu ya grafu isiyolipiwa inayofanya kazi kwenye simu. Akibadilisha namba, mkunjo unasogea papo hapo, na rangi anachagua mwenyewe.

Kama Mombasa ni mbali, tafuteni mkunjo ulio karibu: tao la mlango wa msikiti, maji yanayoruka kutoka kwenye mpira wa bustani, au kamba ya nguo iliyolegea uani. Pigeni picha, wekeni mihimili miwili juu yake, na umuulize mtoto kilele kiko wapi.