Nani Namba 14 Ofisini Kwenu?

Hapa Terrat ninakopanga chumba, ukisema jirani yako kazi yake ni kusimamia swichi, watu wanadhani anafunga umeme wa majumbani. Nimeshuhudia akinamama wakimletea taa zilizogoma. Yeye hucheka, anazitengeneza, na kesho yake saa kumi na mbili asubuhi anapanda bodaboda kwenda mjini kwenye swichi zake. Siku nyingi nimetaka kuandika habari zake. Gazetini najua mhariri ataniuliza, "Sasa habari iko wapi hapo?" Basi nawaletea nyinyi.

Swichi ninayoizungumzia ni boksi bapa la chuma lenye matundu 24 au 48 ya kuchomeka waya. Kompyuta, printa, simu za mezani na kamera za ofisi zote zinaishia humo. Kazi ya boksi ni kupokea ujumbe kutoka tundu moja na kuupeleka kwenye tundu linalohusika. Ofisi ikikua, boksi moja halitoshi. Linaongezwa la pili, la tatu, yanapangwa moja juu ya jingine ndani ya kabati. Ukiacha kila moja lijitegemee, fundi atakuwa na kazi ya kuyazungukia yote kila anapotaka kubadili kitu. Kwa hiyo watengenezaji wakaja na utaratibu wa kuyaunganisha kwa kebo maalumu mgongoni. Kwa mfano Cisco, katika swichi zake za Catalyst 3750 zilizotoka mwaka 2003, waliruhusu hadi swichi 9 ziungane na kufanya kazi kama mashine moja. Fundi anaingia mara moja, anatoa amri, zote zinasikia. Mafundi wanaita staki.

Jioni moja nilimwomba jirani anieleweshe, akanichorea nyuma ya risiti ya duka.

"Chalii yangu," akaniambia, "hizi mashine zina siasa nzuri kuliko sisi."

Hebu sikilizeni hiyo siasa yenyewe. Katika staki swichi moja ndiyo masta. Hiyo ndiyo inayotoa uamuzi kwa niaba ya wenzake. Fundi anazipa swichi cheo kwa namba, kuanzia 1 hadi 15, na yenye namba kubwa ndiyo inayochaguliwa zinapowashwa. Jirani yangu ameipa ya juu 15, inayofuata 14. Masta naye hafichi kitu: kila mpangilio anaopewa, nakala yake inakwenda kwa wenzake wote. Siku akifa, namba 14 anashika usukani akiwa anajua kila kitu. Hata zile kebo za mgongoni zimefungwa kwa mviringo, ya mwisho inarudi kwa ya kwanza, ili moja ikikatika ujumbe upite upande wa pili. Kasi itapungua, lakini kazi inaendelea.

Nikamuuliza, "Na wewe kaka, namba 14 wako ni nani?"

Akanyamaza. Kisha akasema, "Sina."

Jamani, hapo ndipo nilipoiona habari. Ofisi anayofanyia kazi sitaitaja. Ni kubwa kiasi, na staki yake ina swichi tano. Neno la siri la kuingilia analijua yeye peke yake. Waya upi unakwenda chumba gani, anajua yeye. Simu yake inaita usiku wa manane, inaita kanisani. Aliniambia alikwenda kijijini kumzika baba yake mdogo na akalazimika kutoka msibani kutafuta sehemu yenye mtandao, ili amwelekeze mhudumu wa ofisi azime kipi na awashe kipi.

Nikamwambia kitu ambacho mtu yeyote angemwambia: andika yote, mfundishe mwingine. Akanitazama kama mtoto. Mkataba wake ni wa miezi sita sita, na huu ni mwaka wa nne. Kila unapokaribia kuisha, hakuna anayemwambia kama utaongezwa. "Nikiandika kila kitu nikawakabidhi," akasema, "wataniongeza kwa sababu gani?"

Nimelifikiria swali hilo kwa wiki nzima. Ni rahisi kumlaumu fundi kwamba anaficha ujuzi. Lakini anaficha nini zaidi ya ugali wa watoto wake? Ofisi inayomshika mtu kwa miezi sita inamfundisha yenyewe kwamba siri ndiyo ajira. Halafu siri hiyo hiyo inageuka kifungo. Hawezi kwenda likizo, hawezi kuzima simu, na boda ikimwangusha kesho (tunaopita barabara zetu hizi tunajua), ofisi nzima itakaa giza na swichi zote tano zikiwa zima kabisa.

Msidhani haya ni mambo ya mafundi tu. Kabla ya nyaya za baharini kufika, ofisi nyingi za Arusha zilitegemea satelaiti. Satelaiti hizo ziko karibu kilomita 36,000 juu yetu. Barua pepe ya kuvuka Barabara ya Sokoine ingeweza kupanda na kushuka hadi ng'ambo, kisha ikapanda tena na kushuka hapa hapa mjini. Pigeni hesabu: kilomita 144,000, zaidi ya theluthi ya njia ya kwenda mwezini! Dawa yake ilikuwa kituo cha kubadilishana. Dar es Salaam walianza TIX mwaka 2004 chini ya chama cha watoa huduma za intaneti, TISPA, na Arusha nayo ikapata cha kwake, AIXP. Moyo wa kituo cha namna hiyo ni swichi. Kampuni zinazogombea wateja wale wale zinakubali kuchomeka waya zao kwenye boksi moja, na zinakubaliana nani aliguse na kwa utaratibu gani. Kama washindani wanaweza hilo, kweli ofisi moja inashindwa kukubaliana na fundi wake mmoja?

Mei 12, 2024, mikongo ya EASSy na Seacom ilipopata hitilafu baharini, nchi nzima ilijua. Nape Nnauye, aliyekuwa waziri wa Habari wakati huo, alitoa taarifa, na sisi magazetini tukaandika. Kabati la jirani yangu likizima hakuna waziri atakayesema neno. Mtu atakosa malipo yake siku hiyo, ataambiwa "mtandao uko chini", na ataondoka akimlaumu Mungu au TTCL.

Juzi alinionyesha kitu. Ameanza kuandika. Ni daftari la kawaida la shule, kurasa zimejaa michoro, namba za matundu, tarehe za kila badiliko, na neno la siri. Nilifurahi, nikamuuliza kama wakubwa zake wameliona. Hapana. Daftari linakaa hapa Terrat, chini ya kitanda chake, na mke wake ndiye anajua lilipo. Amemwambia: mimi nikipatwa na neno, wapelekee.

Kwa hiyo nakala pekee ya ubongo wa ofisi ile iko chini ya kitanda, kwenye nyumba ya kupanga. Sina ubavu wa kumwambia alipeleke kabla hawajamwajiri kama mtu wanayemhitaji. Ila nyinyi wenye ofisi, na nyinyi mlioajiriwa, kaulizeni kesho asubuhi: nani namba 14 hapa? Mkikuta hayupo, msianze na fundi. Anzeni na mkataba wake.